Sura ya Saba: Marehemu Mmoja, Karatasi Mbili

Mlango wa mbele wa Ngome ulikuwa na kitasa cha juu na kitasa cha chini, na asubuhi ile ya Jumamosi funguo zake zilikuwa zimetalikiana. Wa juu alikuwa nao sajini wa Jenerali Topolnicki. Wa chini alikuwa nao daktari wa meno, mpwa wa Wakili Reszke. Walikaa ukumbini, kila mmoja kwenye kiti chake, wakitazamana kama paka wawili juu ya ukuta mmoja. Ili mtu atoke, ilibidi hao wawili wakubaliane, na tangu vita viishe hawakuwa wamekubaliana hata juu ya saa ya misa.

Ngome lilikuwa jina la heshima tu. Ilikuwa nyumba ya ghorofa tatu huko Kensington, yenye mabomba yanayovuja na ngazi zinazolia. Lakini humo ndimo ilimoishi Jamhuri ya Poland, ile iliyofukuzwa kwao na Wajerumani na kuzuiwa kurudi na Warusi. Ilikuwa na rais, mawaziri, mhuri na bendera. Nchi tu ndiyo iliyokosekana.

Rais Anzelm Brochocki alifariki Jumanne, akazikwa Ijumaa. Katiba ilisema rais humteua mrithi wake kwa maandishi, na karatasi ya baadaye hufuta ya awali. Kabla udongo haujakauka zikatokea karatasi mbili. Ya jenerali ilikuwa ya tarehe kumi na moja Novemba, sikukuu ya uhuru. Ya wakili ilikuwa ya tarehe mbili Februari. Kama ile ya Februari ilikuwa halali, rais ni wakili. Kama ilikuwa ya kughushi, rais ni jenerali. Padri Bonifacy alikuwa amekwisha kaa chumba cha kulia na Biblia yake, tayari kumwapisha mmoja saa sita mchana.

Aliyeitwa kuamua ni Seweryn Galas. Wakati wa vita alikuwa mpelelezi wa polisi wa jeshi, akiwafuata wezi wa petroli kutoka Palestina hadi Italia. Siku hizi alisugua vijiko vya fedha katika hoteli moja karibu na Piccadilly, pamoja na kanali mmoja na mabalozi wawili wa zamani, na vidole vyake vilikuwa vyeusi hata Jumapili. Walimchagua kwa kuwa hakuwa wa upande wowote. Kila upande uliamini kwamba mtu mnyoofu, akiangalia vizuri, ataona haki iko kwao.

Saa tatu na nusu alipouliza kama anaweza kwenda kupiga simu, jenerali alijipapasa mfukoni. Waya wa simu ulikuwa humo.

"Utaondoka tukishakuwa na rais, afande," alisema. "Si kabla."

Galas alianza na yeye. Walikaa katika ofisi ya marehemu, mezani pake, meza kubwa ya mwaloni yenye kioo juu. Topolnicki alikuwa mrefu, mwenye masharubu meupe. Aliwahi kuongoza vifaru elfu moja, na sasa alishona viti vya sofa kwa Waingereza. Leokadia Wilczek, katibu wa rais, alipoingia na chai, jenerali alisimama, akainama, akambusu mkono kama ilivyo ada. Kisha akaketi na kumnyooshea kidole.

"Huyu hapa ndiye aliyeichapa karatasi ya Reszke. Anapata barua kutoka Warsaw. Kila mwezi!"

"Za nani?" Galas aliuliza.

"Kaka yangu," Leokadia akajibu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kofia ya sufu hata ndani ya nyumba kwa sababu ya baridi. "Ana pumu. Anaomba dawa."

"Pumu!" jenerali akacheka. "Siku hizi majasusi wote wana pumu."

Leokadia aliitua bilauri ya chai mezani kwa mikono miwili. Galas aliona, na alijua kwa nini. Kati ya watu wao, kuitwa jasusi wa Warsaw, wa ile serikali iliyowekwa na Warusi, ilikuwa kufa ukiwa hai. Mwokaji hatakuuzia mkate, masista watamtoa mama yako katika nyumba yao ya wazee, na kanisani benchi zima litakuwa lako peke yako. Na mama yake Leokadia alikuwa hakika katika nyumba hiyo ya masista, mwaka wa tatu sasa, hawezi kuinuka.

"Tumwache bibi afanye kazi zake," Galas alisema. "Jenerali, uteuzi wako alitia sahihi wapi?"

"Hapa hapa. Mezani pake."

"Juu ya kioo hiki?"

"Sasa juu ya nini, juu ya goti langu? Juu ya kioo. Kalamu yake ya wino mweusi. Nilisimama pale dirishani. Akasema, 'Ksawery, nakuachia nchi.'"

"Kulikuwa na kitu chini ya karatasi? Kitabu, kitambaa?"

"Kioo, afande. Kioo kitupu. Masikio yako nayo yanasugua vijiko?"

Galas aliandika yote, akamsomea, akampa atie sahihi chini ya maelezo yake. Jenerali alitia bila kusoma, kama mtu aliyezoea kusainishwa vyeti vya mizigo.

Wakili Reszke alikuwa mfupi, mwenye miwani minene, mtu wa sheria tangu tumboni mwa mama yake ingawa siku hizi aliandika hesabu za kiwanda cha jemu. Yeye angelisoma kila swali kabla ya kulijibu, kama angeweza.

"Tarehe mbili Februari rais alikuwa hospitali," alisema. "Utaona jina langu katika daftari la wageni."

"Nimeliona jana jioni. Uliingia saa tisa, ukatoka saa kumi."

"Basi tumemaliza."

"Bado kidogo. Alitia sahihi juu ya nini?"

Wakili alimtazama kwa muda, akitafuta mtego. Hakuuona. "Kile kimeza cha bati kinachosukumwa juu ya kitanda. Mwuguzi alikuwa amekifuta. Nilikigusa mwenyewe, baridi kama barafu."

"Kitupu?"

"Kitupu kabisa. Mimi ni mwanasheria, bwana Galas. Siweki hati ya taifa juu ya supu."

Naye akasoma maelezo yake mara mbili, akarekebisha nukta moja, akatia sahihi.

Galas alibaki peke yake na karatasi zenyewe. Zote mbili zilikuwa karatasi nzito ya serikali, yenye nembo ya tai juu. Zote zilichapwa kwa mashine moja, na hilo halikumsaidia kitu, kwani Ngome ilikuwa na taipureta moja tu yenye herufi zao. Sahihi zote zilikuwa za Brochocki bila shaka; mzee alikuwa na mkono mzito, akikandamiza kalamu kama anayechimba. Basi karatasi ya wakili ilikuwa halali, na saa tano kasoro robo Galas alikuwa karibu kulisema hilo na kwenda zake.

Lakini wino wa sahihi ya Februari ulirukaruka. Katikati ya jina kalamu ilikuwa imeteleza mara tatu na kushuka tena. Ni ugonjwa, alijiambia. Mkono wa mtu anayekufa hutetemeka. Akaitazama ya Novemba ili alinganishe na mkono wa mzima. Nayo ilirukaruka. Novemba mzee alikuwa akipanda ngazi zile bila kushika ukuta, na bado kalamu yake ilikuwa imejikwaa juu ya kioo.

Alitoa karatasi nyembamba za kusokotea sigara, akageuza hati ya jenerali, akalaza moja nyuma ya sahihi. Akalaza penseli ubavu, akasugua taratibu, kwa wepesi ule anaosugulia vijiko vya wakubwa. Mistari ikatokea: miembamba, mirefu, mingine imepishana, mmoja una kifundo katikati kama goti. Akafanya hivyo kwa hati ya wakili. Mistari ya namna ile ile. Si ya mbao wala ya kitambaa. Bua jembamba la jani kavu, na lingine, na lingine.

Kila Mpolandi, hata aliyezaliwa melini, anajua meza yenye majani makavu chini ya kitambaa. Iko siku moja tu kwa mwaka. Ni mkesha wa Krismasi, kwa ajili ya hori alimolazwa Mtoto. Hakuna atakayetandika majani Novemba, na hakuna hospitali ya Kiingereza itakayoyaruhusu kitandani Februari.

Galas alipangusa jasho. Mtu angedhani angefurahi. Alijisikia kama aliyefungua kabati kutafuta panya akakuta ukuta wa nyumba haupo.

Leokadia alikuwa katika kiofisi chake nyuma ya ngazi, chumba kisicho na dirisha la nje, kina mashine, droo na chungu cha maua kilichokaribia kufa. Galas alifunga mlango, akaweka karatasi za sigara mbele yake. Leokadia alizitazama, na mkono wake ukaenda kwenye droo.

"Nani alitandika meza mkesha wa Krismasi?" Galas alimwuliza kwa upole.

"Mimi."

"Majani mengi."

"Mimi huweka mengi. Nilikulia Tengeru, afande, katika kambi ya wakimbizi kule Tanganyika, chini ya Mlima Meru. Hatukuwa na kitu, lakini nyasi zilijaa. Mama alitandika mpaka sahani zinainama. Nimezoea hivyo."

"Mlikuwa wangapi mezani?"

"Yeye na mimi. Na kiti kitupu cha mgeni asiyetazamiwa." Alivuta kamasi. "Alijua ataingia hospitali baada ya sikukuu. Akasema, 'Leokadia, barua za shukrani zitakuja nami sitakuwepo. Lete karatasi nitie sahihi, utajaza mwenyewe.' Nikamwambia, mheshimiwa, karatasi tupu yenye sahihi ni nyumba isiyo na mlango. Akacheka. Alizitia sahihi pale pale, kati ya samaki na keki."

"Ngapi?"

"Tatu. Nikazifungia kwenye droo hii."

"Ufunguo?"

Alikitazama chungu cha maua. Galas alikiinua. Ufunguo ulikuwa chini.

"Nani anajua?"

"Nani asiyejua? Jenerali huja kuchukua stempu. Wakili huja kuchukua bahasha. Katikati ya Januari nilikuta imebaki moja. Nikanyamaza." Sasa alilia waziwazi. "Ningesema nini? Mimi ndiye mwenye ufunguo. Mimi ndiye mwenye barua za Warsaw. Kule Tengeru wenyeji walikuwa na msemo wao, tembo wakipigana nyasi ndizo huumia. Mama alikuwa akiurudia kila siku. Nilidhani ni wa tembo."

Galas alimpa leso yake, nyeusi ya kusugulia fedha. Alikuwa amenaswa, na alijua kila ukuta ulipo. Akinyamaza, amemtawaza mwizi. Akisema karatasi zilikuwa tupu, hatua inayofuata ni kuuliza nani alizitunza, na jibu liko hapa linalia. Na kwa vyovyote, hakukuwa na mrithi. Alipigana miaka sita na kusugua vijiko miaka kumi na saba kwa ajili ya kitu ambacho leo, saa tano na dakika ishirini, kilikuwa kimekwisha.

Hata hivyo aliwaita wote wawili. Kazi ni kazi.

Aliwaonyesha mistari, akaweka maelezo yao kando ya kila hati: kioo, kimeza cha bati. Akawaeleza kwa sentensi nne. Kwanza jenerali alimtazama wakili, na wakili akamtazama jenerali. Ilikuwa sura ya wezi wawili waliokutana gizani ndani ya nyumba moja, kila mmoja akidhani mwenzake ni mwenye nyumba.

"Nawe?" jenerali alinong'ona.

"Usianze, Ksawery," wakili alisema. "Nawe pia."

"Mimi nilifanya kwa ajili ya nchi!"

"Na mimi nilifanya kwa ajili ya nani, ya kiwanda cha jemu?"

Kisha likatokea jambo ambalo Galas hakulitegemea. Wakasogea pamoja dirishani, wakanong'onezana. Dakika kumi nzima. Watu waliokuwa hawapeani hata mkono wa pole makaburini walirudi mezani bega kwa bega, na wakili tayari alikuwa na maneno.

"Utaandika hivi. Sahihi zote mbili ni za kweli. Si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi, hujasema uongo. Tarehe zimevurugwa na katibu, kwa makusudi, kwa amri ya Warsaw, ili kutugawa. Kwa hiyo mpelelezi hawezi kuamua ipi ni ya mwisho. Mimi nitaapishwa leo hapa. Jenerali ataapishwa kesho katika ukumbi wa maveterani."

"Marais wawili?"

"Afadhali wawili kuliko hakuna," alisema jenerali, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mzee. "Ukisema hakuna, Galas, umewapa wale wa Warsaw kile walichokosa kwa miaka yote hii. Unataka aliyewapa awe wewe?"

"Na Leokadia?"

"Ni msichana mmoja tu," jenerali alisema, akaangalia pembeni.

"Na nisipoandika?"

Wakili aliinua mabega kuelekea ukumbini. "Ufunguo wangu hautageuka. Wala wake. Tutakaa. Padri ana njaa, lakini atavumilia."

Galas aliangalia saa. Zilibaki dakika ishirini. Aliwatazama, na alipatwa na huzuni zaidi kuliko hasira. Aliwapenda, hilo ndilo lililomuuma. Kisha akasimama.

"Ripoti lazima ichapwe," alisema. "Sina mwandiko wa kusomwa mbele ya padri."

"Chapa," wakili akasema. "Usirefushe."

Katika kile kiofisi alinyoosha mkono kuelekea droo, na Leokadia akaelewa. Akafungua droo. Karatasi ya tatu ilikuwa imelala peke yake, tai juu, sahihi chini, na katikati weupe wa kutosha kumfanya mtu yeyote rais. Galas aliketi mbele ya mashine. Katika kazi yake yote hakuwahi kuongeza hata koma katika maneno ya mtu. Vidole vyake vyeusi vilikaa juu ya vitufe muda mrefu, mpaka Leokadia akasema, "Afande, basi. Acha tu. Nitakwenda." Hapo ndipo alipoanza kuchapa.

Chumba cha kulia kilikuwa na watu wanne na harufu ya nta. Padri Bonifacy, mnene, hajala tangu jana kwa ajili ya misa, alipokea karatasi, akavaa miwani. Alikuwa amepata barua za Brochocki kwa miaka kumi na mitano. Sahihi aliitambua kabla ya kuanza, na akafanya ishara ya msalaba.

"'Mkesha wa Krismasi, baada ya samaki,'" alisoma. "'Mimi, Anzelm Brochocki, nimetia sahihi karatasi tatu tupu kwa ajili ya barua za shukrani. Katibu wangu, Leokadia Wilczek, alinionya, nami sikumsikiliza. Kosa ni langu. Yeye ni mwaminifu. Katika karatasi hizo sikumteua mtu yeyote. Likionekana jina lolote la mrithi juu ya sahihi hii, si mimi niliyeliandika.'" Padri alishusha miwani. "Ndiyo basi. Hakuna zaidi."

Jenerali alipiga hatua. Padri, bila haraka, aliikunja karatasi mara mbili akaitia ndani ya kanzu, upande wa moyo. Hakuna aliyethubutu kumpekua padri.

"Umeipata wapi?" wakili alimwuliza Galas, sauti imekauka.

"Kwa marehemu. Kama ninyi."

"Hiyo ni ya kughushi!"

"Sema hivyo. Mwambie padri. Sahihi ni ile ile, karatasi ni ile ile, majani ni yale yale. Ukiikana hii, umezikana zote tatu." Galas alitoa karatasi za sigara, tatu sasa, akazipanga juu ya meza. "Tofauti ni moja. Ya kwangu ndiyo pekee ambayo majani yake yanakubaliana na tarehe yake."

Saa ya ukutani ilianza kugonga saa sita. Walisikiliza mpaka mwisho, wamesimama, kwa mazoea ya watu waliosubiri saa hiyo kwa ajili ya kiapo. Hakuna aliyeinua mkono. Baada ya mlio wa mwisho ilisikika njaa ya padri tu, na hakuna aliyecheka.

"Ulikuwa na karatasi nzima," jenerali alisema taratibu. "Ungeweza kuandika jina lako."

"Jina moja tu ndilo lililokuwa hatarini, jenerali. Nimeliandika."

Galas alijua amefanya nini. Alikuwa mghushi wa tatu, na kesho vijiko vingemsikia akijieleza. Lakini wakili alikuwa amekwisha mpa mpwa wake ishara, na jenerali naye akatikisa kichwa kumpa sajini amri. Ukumbini funguo mbili ziligeuka pamoja, kwa mara ya kwanza, na upepo wa Machi ukaingia hadi chumba cha kulia.

Leokadia alikuja na koti lake. Alisimama mbele ya wale wazee wawili, na jenerali, kwa ada, akainama kumbusu mkono. Leokadia hakuutoa. Badala yake aliweka ule ufunguo mdogo juu ya meza, katikati yao.

"Droo sasa ni tupu, waheshimiwa," alisema. "Gawaneni."